Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara Mikindani: Korosho ina stakabadhi, chumba cha kupanga hakina

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mpangaji, mkazi wa Magomeni, na mtumishi wa umma kama wewe ingawa ngazi zetu hazikaribiani. Nipo Mtwara tangu kabla mtaro wa bomba la gesi haujachimbwa, na miaka yote hiyo nimekaa nyumba za watu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili nikilileta ofisini kwako kama lalamiko la mtu mmoja litageuzwa kuwa ugomvi wangu na mwenye nyumba wangu, wakati mji mzima unapangishwa hivyo hivyo.

Ombi langu nalitanguliza. Sikuombi uwapangie wenye nyumba bei. Naomba manispaa itunge sheria ndogo ya upangaji wa nyumba za kuishi, na sheria hiyo iseme mambo machache tu: kila upangaji uwe na mkataba wa maandishi unaopatikana ofisi yoyote ya mtaa, kodi ya mbele isizidi miezi mitatu, na mpangaji asitolewe bila notisi ya miezi mitatu. Naomba kazi hiyo ianze kiangazi hiki, kabla minada ya korosho haijafunguliwa.

Kwa nini kiangazi? Wewe unaujua mji huu unavyobadilika. Mvua zikikatika Mei na kusi kuanza kuvuma, mikorosho inajiandaa kutoa maua na watu nao wanaanza kuingia. Wa kwanza ni wanafunzi wa field, wanaotawanywa Ligula hospitali, bandarini, mahakamani, na wengine wako hapo hapo ofisini kwako. Wanafuata mafundi, maana kiangazi ndio msimu wa kumwaga zege na kupaua. Septemba wanaanza kuingia watu wa korosho wenyewe: wanunuzi na makarani wao, madereva wa malori, wapakiaji wa maghalani, na wafanyabiashara wadogo wanaofuata hela ilipo. Minada ya vyama vikuu vya ushirika ikianza Oktoba, MAMCU huku na TANECU kule, hakuna kinachobaki kwenye bei yake, kuanzia samaki wa feri hadi kitanda cha gesti.

Na shughuli zimeongezeka kweli. Tangu serikali ilipoelekeza korosho zisafirishwe kupitia bandari yetu msimu wa 2023/2024, malori ya korosho hayapiti tena kwa wingi kwenda Dar es Salaam na mzigo ambao ungeweza kupakiwa hapa. Gati jipya la mita 300 lina kazi, na makaa ya mawe kutoka Ruvuma nayo yanapita hapo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo imeleta madaktari na wauguzi, na wagonjwa kutoka mbali wenye ndugu wa kuwauguza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika manispaa hii; ya 2022 ikahesabu 146,772. Hao ni watu zaidi ya 38,000 walioongezeka kwa miaka kumi, na kila mmoja anahitaji mahali pa kulala. Sisi wa Mtwara tumeyaomba maendeleo haya kwa miaka mingi na sitaki mtu asome barua hii akadhani nayalalamikia.

Ninacholalamikia ni kinachompata mpangaji wa mwaka mzima anapokuja mpangaji wa msimu. Mwenye nyumba anaona mtu wa korosho yupo tayari kulipa kwa usiku mmoja hela ambayo mwalimu anailipa kwa wiki. Basi inakuja ile kauli ambayo kila mpangaji wa mji huu anaijua: "Mwanangu, nyumba inaingia kwenye matengenezo." Siku hizi inakuja kwa ujumbe wa simu, hata hodi hupigiwi. Unapewa mwisho wa mwezi, wakati mwingine wiki mbili. Unatoka na watoto na makabati. Ukipita baada ya siku kadhaa unakuta mlango umepakwa rangi, chumba kimewekwa kitanda cha tano kwa sita na feni, na mbele ya uani kuna viatu vya wageni. Watoto wamebadilishiwa shule katikati ya muhula, au wanatembea kutoka Mbae hadi mjini kwa sababu nauli ya bajaji haimo kwenye bajeti ya nyumbani.

Nikueleze chumba kimoja nilichokiona mwezi Agosti kule Chuno. Nilikuwa namsindikiza binti ya dada yangu, muuguzi aliyepangiwa kazi hapa, amefika na begi na ndoo. Dalali alitutoza elfu 10 kabla hatujaona kitu. Anaiita hela ya usumbufu, na hairudi hata usipopapenda. Tulipofika tulikuta watu wengine wawili mlangoni wameletwa na madalali wengine. "Anti, amueni sasa hivi, ukigeuka tu utakuta kufuli la mtu," akatuambia, na alikuwa anasema kweli. Chumba na sebule, juu bati tupu bila silingi bodi, dirisha linatazama ukuta wa jirani, choo cha kuchangia. Mita ya LUKU moja kwa vyumba vitano. Pembeni ya mita kuna karatasi ya daftari iliyobandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa peni nyekundu zamu ya kununua umeme chumba kwa chumba, na chini yake: "Mwenye friji anaongeza 10,000. Pasi mwisho saa 2 usiku." Karatasi hiyo, Mheshimiwa, ndiyo kanuni pekee ya upangaji niliyoikuta imeandikwa katika nyumba ile, na waliiandika wapangaji wenyewe.

Mkataba nao tulionyeshwa. Ni ukurasa mmoja wa daftari la shule: jina, chumba, miezi 12, kiasi, sahihi mbili. Hakuna neno juu ya notisi, wala juu ya nani anatengeneza bomba likipasuka au bati likivuja masika. Nakala inabaki kwa mwenye nyumba. Mpangaji anaruhusiwa kuipiga picha kwa simu. Masharti mengine ni ya mdomo na yanaongezeka kadiri mnavyozoeana.

Kodi ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, bei ambayo kwa chumba na sebule mtu hawezi kuipigia kelele. Mtego uko kwenye "mwaka mzima". Hiyo ni 720,000, ongeza mwezi mmoja wa dalali, jumla 780,000 taslimu siku ya kukabidhiwa funguo. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 kabla ya makato. Mtumishi mpya hana hata godoro, na mshahara wa kwanza haufiki siku anayoripoti. Anaitoa wapi laki saba na themanini?

Anaitoa kwa kausha damu, na mji mzima unalijua hilo. Wapo wakopeshaji wa mtaani wanaochukua kadi ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia wao ndio wa kwanza kwenye mashine ya kutolea fedha, halafu wanamrudishia mwenye mshahara kilichobaki. Nawafahamu walimu na wauguzi walioanza kazi Mtwara kwa njia hiyo, na deni la kodi ya chumba limewakaa miaka miwili. Mtu anayefanya kazi usiku wodini huku kadi yake ipo mfukoni kwa mtu mwingine, tunamdai huduma nzuri kwa moyo gani? Wapo waliokwisha kuomba uhamisho na kuondoka, na sababu wanayoitaja kwenye barua ni "matatizo ya kifamilia".

Kwa wanafunzi wa vyuo vyetu hali ni ile ile kwa vipimo vyao. Mkopo wa chakula na malazi tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ni shilingi 10,000 kwa siku, unaingia kwa awamu, na mwenye nyumba anataka muhula mzima au mwaka. Wanajazana wanne chumba kimoja. Nalipita haraka, kwa kuwa wakuu wa vyuo wanaweza kulisema vizuri kuliko mimi.

Sasa niseme upande wa wenye nyumba, maana bila kuuelewa sheria yoyote utakayotunga itakwepwa kabla wino haujakauka.

Nimewahi kupanga Chikongola kwa mama mmoja mjane. Alikuwa na vyumba vitano uani, vinne amepangisha, kimoja analala na wajukuu. Alidai mwaka, hakushuka hata mwezi. Nilipolipa nikaona hela yangu inavyokwenda: wiki ile ile zilishuka bati kutoka kwenye kirikuu, zikafuata nondo na mifuko ya saruji, na fundi akaanza kunyanyua chumba cha sita kwenye ile nafasi ya kuanikia nguo. Kodi ya mwaka ya vyumba viwili ilikuwa imegeuka chumba kipya. Mama yule hana hati, kiwanja chake hakijapimwa, na benki haitamsikiliza. Kodi ya mwaka mzima ndiyo benki yake. Na lazima aichukue kiangazi, kwa sababu tofali zinakauka kiangazi na fundi anapatikana kiangazi. Ukimwambia apokee mwezi kwa mwezi unamwambia asijenge tena, na asipojenga wapangaji wa kesho watakosa chumba.

Tena kuna masika. Hela ya korosho ikishaisha, Februari hadi Mei mji unapoa, wanafunzi wa field hawapo, mafundi hawana kazi. Chumba kinaweza kukaa miezi na kufuli la mwenyewe. Wapo pia wapangaji wanaohama usiku wakiacha deni la miezi na umeme wa zamu yao haujanunuliwa. Mama mwenye nyumba hana pa kuwashtaki maana mkataba wake ni ule ukurasa wa daftari. Kwake yeye kodi ya mwaka ni kinga ya mtu asiyekuwa na kinga nyingine.

Na wenye nyumba wa Mtwara wana kumbukumbu inayowafundisha wasiisubiri kesho. Bandari hii ilijengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza. Mpango ule ulianza 1947, ukaachwa 1951, na gati likamalizika 1954 wakati karanga zenyewe hazipo tena. Reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa miaka ya sitini, na leo tunayo kata inayoitwa Reli ambayo haina reli. Kizazi chetu kikapata gesi. Kuanzia 2012 ujenzi wa bomba la kwenda Dar es Salaam ulipoanza, na kampuni za utafiti wa baharini zikiwa hapa, nyumba za Shangani zilikuwa zinatajwa kwa dola. Familia zilihama nyumba zao na kwenda kupanga pembeni ili kampuni ziingie. Waliokuwa na viwanja Mangamba na Mbae walikopa wakaanza kujenga nyumba za kupangisha wageni, na hoteli zikainuka. Bomba likakamilika 2015, bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshaporomoka tangu 2014, meli na wataalamu wakaondoka. Mapagale ya wakati ule yapo mpaka leo. Pita njia ya Mbae uangalie: ukuta umefika lenta, nondo za nguzo zimechomoza juu zimeshika kutu, ndani pameota mipapai, na mwenyewe bado analipa deni au alishauza kiwanja chote kwa bei ya kutupa. Kiwanda kikubwa cha saruji kipo Msijute, mwendo mfupi kutoka hapa, na bado mtu ameshindwa kuweka mkanda wa juu wa nyumba yake.

Mtu aliyeona hayo akiiona Oktoba inakuja atachukua anachoweza kuchukua. Namwelewa kabisa. Ila kwa kuwa namwelewa ndiyo maana nasema tusimwachie yeye na mpangaji wake wamalizane peke yao, mmoja ana njaa ya saruji na mwingine ana njaa ya paa.

Sheria za nchi zimewaacha hapo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake ya kusikiliza mashauri ya pango, ilifutwa mwaka 2005. Sidai irudi, chini ya bei za kulazimishwa nyumba zilichakaa na watu walilipana chini ya meza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua upangaji wa muda mfupi hata usioandikwa, jambo ambalo ni zuri kwa bibi wa kijijini, lakini kwa mji wa watu 146,772 linaacha kila kitu mdomoni. Baraza la ardhi la kata tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo, lakini mtu aliyepewa wiki mbili atoke hawezi kufungua shauri, kutafuta chumba, kuhamisha watoto na kwenda kazini kwa wakati mmoja.

Nimesema sitaki upange bei, na najua jibu la kwanza litakuwa kwamba soko ni huria. Serikali yetu yenyewe imeshaonyesha kwamba inaweza kuweka utaratibu wa malipo na kuacha bei ipande na kushuka. Mwaka 2025 zilitoka kanuni kwamba bidhaa na huduma za ndani zitajwe na kulipwa kwa shilingi. Hakuna aliyepangiwa auze shilingi ngapi.

Mfano mkubwa zaidi tunao shambani. Kila mwana Mtwara anaijua kangomba: mkulima amebanwa na masika, hana chakula wala ada, anakuja mtu na kopo lake ananunua korosho zikiwa bado ua mtini, kwa bei ya shida. Serikali ilisema hapana. Ikaweka mizani, ghala, mnada wa wazi na stakabadhi yenye jina la mkulima na kilo zake. Bei yenyewe inaamuliwa na wanunuzi mnadani. Yapo malalamiko juu ya mfumo ule, makato na malipo kuchelewa, nayajua kwani ndugu zangu ni wakulima. Lakini hakuna anayetaka kopo lirudi. Kodi ya mwaka kwa mtumishi mpya ni kangomba ya mjini. Mtu anabanwa saa ile ambayo hana pa kukimbilia, hakuna mizani, hakuna shahidi, hakuna karatasi. Kilo moja ya korosho ya Naliendele ina ulinzi wa maandishi kuliko familia inayolala chumba cha Chuno.

Kwa hiyo turudi kwenye ombi, na nilieleze namna ninavyoliona likifanya kazi mtaani, maana sheria ndogo nyingi huishia kwenye kabati.

Anza na mkataba wa mfano, ambao hauhitaji kusubiri sheria yoyote. Manispaa ina wanasheria. Waandike mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida, uchapwe, uwekwe kwa watendaji wa mitaa yote. Uwe na nakala tatu: ya mwenye nyumba, ya mpangaji na ya ofisi ya mtaa. Mpangaji anayehamia mtaani tayari anahitaji barua ya utambulisho ya mtaa kwa ajili ya benki na mambo mengine. Akija kuichukua aje na mkataba. Mwenyekiti na mtendaji wagonge mhuri. Ada iwe ndogo na ibandikwe ukutani ili isije ikageuka mlango mwingine wa kuombana chochote.

Ndani ya mkataba kuwe na mstari kuhusu LUKU na maji, nani ananunua na kwa mgawanyo gani. Na uwepo mstari kuhusu kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayeilipa ni yule aliyenunua umeme siku hiyo. Ni hela ndogo, ila nimeona majirani wakinyimana chumvi kwa ajili yake. Mkataba uandike wazi kwamba inatolewa kwenye kodi ya pango.

Madalali wasifukuzwe. Vijana wale wanajua kila chumba kilichopo wazi kuanzia Shangani hadi Mikindani, kazi ambayo ofisi yoyote ya serikali isingeiweza. Waandikishwe, wapewe vitambulisho, hela ya usumbufu ipigwe marufuku, na ule mwezi mmoja wa dalali wagawane mwenye nyumba na mpangaji kwa kuwa wote wawili wamehudumiwa.

Halafu hili la wenye nyumba ndilo nakuomba ulisome mara mbili. Ukomo wa miezi mitatu utamnyima yule mama wa Chikongola hela ya bati, na asipopewa mahali pengine pa kuipata atapokea mwaka kwa siri na kuandika miezi mitatu kwenye mkataba. Mkataba wenye mhuri wa mtaa unaonyesha kipato: vyumba vinne, kiasi fulani kwa mwezi, majina na sahihi. Zungumza na SACCOS na benki zilizopo mjini wakubali mikataba hiyo kama ushahidi wa kipato kwa mkopo mdogo wa ujenzi. Sambamba na hilo, harakisheni ile kazi ya kupanga, kupima na kumilikisha viwanja kwenye mitaa ya zamani na siyo kwenye viwanja vipya tu, ili nyumba zilizojengwa na wazazi wetu zipate hati. Na kwa mapagale ya Mangamba na Mbae, palipokosekana barabara na maji pakipelekwa, wenyewe watayamalizia bila kuhimizwa na mtu. Hakuna chanzo cha vyumba cha karibu zaidi ya kuta ambazo tayari zimefika lenta. Nyumba za serikali, za NHC na TBA, ni chache na hazitatutosha sisi wote.

Wenye nyumba watakuwa na hofu nyingine ambayo hawataitamka mkutanoni, kwamba nakala ikikaa ofisi ya mtaa ni njia ya TRA kuingia uani kwao. Hofu hiyo ina msingi. Naomba uwakutanishe na TRA mapema, waelezwe kwa hesabu mwenye vyumba vitatu anatakiwa kulipa nini na nini hatakiwi, tena waelezwe kwa maandishi. Mkilinyamazia hili, mikataba haitaandikwa.

Najua sheria ndogo ina safari yake: wananchi waulizwe, baraza la madiwani lijadili, mkoa upitie, Waziri mwenye dhamana aridhie. Ni miezi. Ndiyo maana nasema mkataba wa mfano utangulie, na sheria iufuate. Nakuomba pia uwasiliane na mwenzako wa Lindi. Mradi wa gesi asilia wa Likong'o umesubiriwa muda mrefu, na siku ukianza, wale waliokuja Shangani na dola watashukia Lindi, na wengi watalala hapa. Wenzetu wa Lindi wana nafasi ya kuandika utaratibu huu wakati vyumba vyao bado vinatajwa kwa shilingi elfu arobaini na hamsini.

Ombi la mwisho ni la karibu zaidi. Itisha mkutano mmoja kabla ya mwisho wa Septemba. Waite wenyeviti wa mitaa, wenye nyumba, madalali, wapangaji na wawakilishi wa wanafunzi. Usifanyie ukumbi wa hoteli, fanyia uwanjani, saa kumi jioni, watu wakiwa wametoka kazini. Uwaulize wenye nyumba wangapi walipokea mwaka kiangazi hiki na hela ilikwenda wapi, na uwaulize wapangaji waliipata wapi. Majibu ya pande zote mbili yatatosha kuandikia hiyo sheria.

Rasimu ya mkataba wa kurasa mbili nimeiandika kwa mkono wangu na kuipeleka masjala ya ofisi yako pamoja na nakala ya barua hii. Wanasheria wako waikate na kuirekebisha wanavyoona. Notisi ya miezi mitatu tu ndiyo ninayoomba wasiifute.

Wako mtiifu,

Mpangaji, Kata ya Magomeni
Mtwara